Vidonge vya mama mmoja, wagonjwa wawili

Mwezi wa sita huku Mbeya ukitaka kumpima mtu presha jipange, maana ule mkanda wa mashine unafungwa kwenye mkono mtupu sio juu ya sweta, na mama zetu wa Uyole asubuhi wanafika na sweta, koti, halafu kitenge juu yake. Baridi yenyewe nayo inapandisha presha. Haya.

Kuna mama mmoja, rika la mama yangu (nimebadilisha mawili matatu asijulikane), presha haishuki, 170 kwa 100, mwezi unaofuata hivyohivyo. Mi daktari wake kwenye kompyuta nabofya tu I10, ndo namba ya presha kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa, kwenye "anatumia dawa?" naweka ndiyo, amlodipine, dawa yake ya presha, napandisha toka miligramu 5 kwenda 10, haya mama nenda dirishani, anayefuata!

Siku moja mtandao ukagoma, tukabaki tunaangaliana. Nikasema mama, hebu niambie, hivi vidonge unavimezaje? Akacheka kidogo. "Mwanangu, dada yangu yupo Kyela naye ana presha, bima hana, kwa hiyo vya mwezi nikichukua nusu nampa konda wa kosta amfikishie." Leo anameza, kesho anaruka. Yaani miezi yote napandisha dozi kumbe natibu watu wawili kwa vidonge vya mmoja! Na hakunidanganya, dawa alikuwa anatumia kweli.

Sasa msinielewe vibaya, sitaki mafaili ya karatasi yarudi, faili likipotea mgonjwa anaanza upya kama mgeni, na mwandiko wangu aisee, mfamasia alikuwa ananipigia simu kuuliza hii ni 5 au 50. Hapo kompyuta imetuokoa. Ila ndiyo na hapana haiwezi kubeba habari ya konda wa kosta, hiyo mpaka uiandike kwa maneno.

Dada nimeagiza aletwe nimpime mwenyewe. Na siku hizi kila mgonjwa nashuka mpaka chini kule kwenye "maelezo mengine", ambako hakuna anayejazaga, naandika Kiswahili sentensi tatu nne kama alivyosema mwenyewe. Juzi kijana wetu wa kompyuta kaniuliza, dokta siku hizi unaandika insha? Nikamwambia eeh, na niongezee nafasi, inanikatia maneno kabla sijafika Kyela.