Wewe si Amani, wewe ni Majisifu

Muulize Mkenya aliyesoma Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora, shuleni ni mhusika gani anayefanana naye, atakutajia Amani, yule kijana aliyedhulumiwa. Sote tumedhulumiwa, sote tuna subira, haki yetu iko njiani. Haya basi. Na yule bosi anayefuta jina la kijana wa atachimenti, yule wa mafunzo kazini, kwenye ripoti na kuweka lake kabla mkutano haujaanza, yeye ni nani? Huyo ni Mwalimu Majisifu, aliyeiba mswada wa Amani akauchapisha kama wake. Nairobi tunao tele.

Nailaumu karatasi ya Fasihi ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, ile 102/3 ya alama 80. Ukiulizwa sifa za Majisifu unamwaga: mlevi, mwizi, mwenye majivuno, kila moja na ushahidi wake. Alama utapata. Lakini sifa ni muhuri. Ukishampiga mtu muhuri wa ulevi, msomaji asiyekunywa anampita bila kumsalimia.

Jaribu hivi. Futa jina la mhusika, jinsia, umri na kazi. Halafu andika mistari mitatu tu, kwa vitenzi: anataka nini, anaficha nini, anamwonea nani haya. Majisifu anataka kuitwa mwandishi. Anaficha kwamba hakuandika. Anawaonea haya watoto wake wenye ulemavu, huku Imani, mtumishi wa nyumbani, ndiye anayewatunza. Mpe mwenzako mistari hiyo asome bila kumwambia ni ya nani, umtazame anavyonyamaza.

Zoezi huharibika mstari wa kwanza ukiwa mpana. Ukiandika "anataka furaha," dunia nzima itaingia humo; andika kitu kinachoshikika. Pia wapo wanaojiona kwa mwovu kisha wakaanza kumtetea, eti maisha yalimbana. Yalimbana, sawa, ila mswada ni wa Amani.

Wala si lazima mhusika awe binadamu. Fisi wa ngano, yule aliyenusa nyama njia zote mbili pale njia panda akapasuka msamba, tumefundishwa kumcheka kwa tamaa yake. Msimulie mtu anayechagua mitumba soko la Gikomba alfajiri na kufika ofisini Upper Hill saa mbili, shati limeshapigwa pasi. Hatacheka. Atataka kujua fisi huyo alikuwa analipa kodi ya nyumba pesa ngapi.