RAM za Mjini

Kompyuta ya mezani ikikosa RAM, ile kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, haifi kimya. Ile HP Compaq 8300 ya steshenari ya Mama Zai ilipiga milio mitano, na kila mlio na mmweko wake wa taa nyekundu. Ikapumzika sekunde mbili, ikaanza upya. Kioo nacho cheusi tii. Wanafunzi waliopanga foleni kujaza fomu za mkopo wa chuo wakarudi nyuma, maana ilikuwa inalia kama gari lililoguswa usiku. Baada ya mzunguko wa tano milio ikanyamaza, watu wakapiga makofi. Hawakuangalia taa. HP hizi zinanyamaza tu zikichoka kulia, taa inaendelea kumweka vilevile.

Nilipoingia nilikuta mafundi wameshajaa. Mmoja anasema umeme mdogo. Mwingine anasema virusi. Kijana mwenye begi mgongoni kashachomoa flashi: "Kaka, nina Windows 10 humu, tupige Windows tu iishe." Nikamwambia Windows inakaa kwenye diski, na mashine haiulizi habari za diski kabla haijakagua RAM. Milio mitano na taa nyekundu kwenye HP ya kizazi hiki maana yake imekwama palepale kwenye RAM. Hakuridhika. Akabaki ameishika flashi mkononi.

"Kwani mmegusa nini?"

Side, mpwa wa Mama Zai, akasema hajagusa kitu. Kabadilisha RAM tu.

Boksi lilikuwa wazi, waya wa umeme bado uko ukutani. Kwenye mashine hizi umeme unafika kwenye RAM hata ukiwa umezima, kwa hiyo kuchomoa waya ndiyo hatua ya kwanza, kisha unabonyeza swichi ya kuwashia sekunde chache kumaliza umeme uliobaki. Nikaomba wachomoe. Mama Zai akainama mwenyewe kwenye ekstensheni akavuta waya, na cheti cha mtu kikabaki nusu ndani nusu nje ya mashine ya fotokopi. Akavuta wa pili, feni ikazima. Wa tatu ndio ukawa wenyewe.

Nikabakiza RAM moja, nikaiweka kwenye tundu jeusi, ambalo HP hizi zinataka lijazwe kwanza. Nikakandamiza ncha zote mbili mpaka vishikio vikajifunga vyenyewe. Milio mitano. Nikaweka ile nyingine, mitano tena. Nikaomba ufutio nisugue meno ya shaba, maana jasho la vidole na vumbi vinatosha kuzuia mguso. Mama Zai akatoa ufutio mpya kwenye kabati la vioo na kuuandika kwenye daftari la madeni, jina langu. Milio mitano.

Hapo ndipo nikasoma lebo: 8GB 2Rx4 PC3-10600R.

Tatizo lote lilikuwa kwenye ile R ya mwisho. Kwa DDR3, aina ya RAM inayoingia kwenye mashine hizi, lebo ya kompyuta ya mezani huishia na U. Hii ni ya seva, zile kompyuta za kuhudumia kompyuta nyingine, na hata bila lebo ungeijua: vipande vyeusi 18 upande mmoja, na katikati kimekaa kingine chenye umbo tofauti. Hicho cha katikati ndicho kinachopokea amri kutoka kwa prosesa, ubongo wa kompyuta, na kuzigawa kwa wenzake. Prosesa ya kompyuta ya mezani haijui kuongea kupitia mjumbe, kwa hiyo haiwezi kuitumia RAM hiyo. Kinachoponza watu ni kwamba meno ni yaleyale 240 na pengo liko palepale, ndiyo maana inaingia vizuri kabisa, tena kwa mlio mtamu. Seva zikistaafu RAM zake humwagwa sokoni kwa bei ya kutupa. Side aliona 8GB kwa bei ya 4, akabeba mbili.

"Basi rudisha zile za zamani."

"Niliziongezea juu, kaka. Muuzaji alinipunguzia."

Mama Zai akavua miwani.

Jirani ni kinyozi, na muziki wake unatoka kwenye kompyuta yenye RAM mbili za 2GB, zote U. Tukamwomba moja. Kichwa kilichokuwa kitini kilikuwa kimenyolewa upande wa kulia tu, na mwenye kichwa akatangaza kwamba muziki ukikatika naye halipi. Kinyozi akasema wimbo uishe kwanza. Ulikuwa taarabu, yaani haukuwa na dalili ya kuisha leo. Ulipoisha akazima, tukachukua moja, akawasha na ile iliyobaki, taarabu nyingine ikaanza.

Steshenari nako kioo kikawaka: "164-Memory Size Error". Foleni nzima ikaguna kwa pamoja, Side akakimbilia swichi. Nikamshika mkono. Ule si ugonjwa, mashine inasema tu kwamba kiasi cha RAM kimebadilika tangu iwashwe mara ya mwisho. Unabonyeza F1, inaandika hesabu mpya na kuendelea.

Side akatumwa mjini na zile mbili. Akarudi na moja ya 8GB, PC3-12800U, safari hii lebo kaisoma kwa sauti tangu mlangoni. RAM ya kinyozi ikarudi kwake. Tukawasha, F1, Windows ikafunguka, nikaingia kwenye sifa za kompyuta kumwonyesha Mama Zai mali yake. 8GB zipo. Pembeni, kwenye mabano, kiasi kinachotumika hakifiki hata 4.

Ilikuwa Windows 7 ya biti 32. Hiyo haitumii zaidi ya 4GB hata ukiijazia gunia, na ndani ya hizo nne kadi ya picha na vifaa vingine vinachukua fungu lao la anwani, yaani namba za kufikia kila sehemu ya kumbukumbu. Dawa ni kuweka Windows ya biti 64.

Nikageuka nyuma. Yule kijana wa flashi keshaichomeka.

"Chomoa," akasema Mama Zai. "Fomu kwanza. Na wewe wa ufutio, hujalipa."