Kiti Kinatazama Nyuma

Jana usiku shemeji kapiga simu ya video kutoka London. Salamu hata hazijesha: "Baba Sabri, mbona simwoni mtoto kwenye kiti cha gari nilichomletea?" Nikaigeuza simu harakaharaka ikatazama dari, nikajifanya mtandao unasumbua. Kiti chenyewe kilikuwa nyuma yangu palepale, na ndani yake mna mbatata kilo tatu, vitunguu, na paka wa jirani kalala juu yake kafumba macho.

"Kesho nitumieni picha, mtoto yumo ndani," akasema.

Ndiyo maana asubuhi hii nimekaa ngazini nasugua ugoko. Nilikuwa nakiteremsha chini nikakioshe, kufika ngazi ya tatu tu miguu yake ikafunguka yenyewe, gurudumu moja likanipiga hapa, pa! Sijakigusa popote, wallahi. Kina kitufe kimoja kazi yake kungoja mie nishike ukuta.

Ukikiona kinapokwenda chini ni kigari, magurudumu manne, mtoto kajilaza kama sultani. Ukifika penye gari unabonyeza hapa, unavuta pale, miguu inajikunja kama ya kuku anayetaka kulalia mayai, kigari kimekwisha kuwa kiti cha gari. Mtoto humtoi. Unapitisha mkanda wa gari, unakaza, safari. Ukishuka unabonyeza tena, miguu inatoka, unamsukuma mwanao mpaka dukani naye hajajua kama alipanda gari. Akili ya mtu aliyebuni kitu hichi naivulia kofia. Ila hakuja kwetu Michenzani, Zanzibar mjini. Sie tunakaa ghorofa ya nne, na Wajerumani wa Mashariki waliotuchorea majumba haya hawakutia lifti. Kiti kitupu kina kilo saba na ushei, nimekipima mwenyewe kwenye mizani ya duka la chini. Mtoto ana kilo nane. Kwa hivyo kila mama watoto akisema "twende tukapunge upepo Forodhani", mie nasikia kilo 15, ngazi kushuka, ngazi kupanda.

Na usidhani shemeji alituachia kiti akaondoka. Alituachia kiti na darsa. Mtoto atazame nyuma ya gari, sio mbele. Mikanda ya mabegani ikaze mpaka usiweze kuifinya kwa vidole viwili. Asivalishwe nguo nene chini ya mikanda, maana gari ikigonga sweta linasinyaa, mkanda unabaki mlegevu. Asiachwe kulala humo masaa na masaa, kichwa kinainamia kifuani na pumzi inabana. Mama mkwe alikuwa kimya na tasbihi yake mpaka lilipofika la sweta.

"Kwa hivyo mtoto apigwe na upepo?"

Ilikuwa mwezi wa saba, kusi linavuma, baridi yetu hii ya nyuzi 25. Mtoto keshavaa sweta, soksi mbili, kofia ya sufi, na wanja kwenye paji la uso kama nyota ya jenerali. Shemeji alishindwa pale. Anaweza kubishana na watengenezaji wa viti wa Ulaya nzima, lakini sio na mamake.

Basi mwezi huohuo tukawa na harusi Wawi, kule Pemba. Mama Sabri kasema kiti tunakwenda nacho, dadake kakileta kwa ndege, hatuwezi kumvunja moyo. Nikasema sawa. Mie ni baba wa kisasa, nitapita bandarini nasukuma kigari huku nimevaa kanzu na miwani ya jua, watu waseme yule nani.

Bandarini alikuwepo hamali aliyekikamata upande wa mtoto, na mkaguzi aliyetaka kipite kwenye mashine ya mizigo. "Mtoto mtoe," akasema. Nikamwambia uzuri wake ndio huo, mtoto hatolewi. Akanitazama. Nikamtoa.

Ndani ya boti sitaki kuzungumza sana. Ukishafika mkondo wa Nungwi unajua mwenyewe. Nilikanyaga breki ya kigari, au nilidhani nimeikanyaga, maana ipo ya kufunga na ipo ya kufungua. Boti ikalala ubavu wa kulia, kigari kikaondoka. Kikapita katikati ya watu walioshika mifuko yao ya kutapikia, taratibu, kwa heshima, kikarudi boti ilipolala ubavu wa kushoto. Mtoto anacheka. Ndiye peke yake aliyecheka humo.

Sasa tumefika Mkoani, bandari ya Pemba.

Utingo wa 603, daladala ya kwenda Chake, kijana mdogo, sauti kama kala jongoo, "Chake Chake Chake Chake!" hata hujui ni jina la mji au anagugumia. Gari yenyewe ile ya mabenchi ya pembeni, watu wanatazamana magoti kwa magoti. Akakiona kiti.

"Ami, hicho nikipandishe juu?"

"Hichi hakipandi juu. Hichi ni kiti."

"Ndani viti viko, ami."

"Ni kiti cha mtoto."

Akafikiri. "Kwani mtoto hapakatwi?"

Gari nzima ikanyamaza kungojea jawabu. Nikakoroma kidogo, nikarekebisha kofia, nikasema kwa Kiswahili cha taarifa ya habari: kitaalamu, mtoto mchanga husafirishwa ndani ya kiti maalumu. "Haya," akasema utingo, "basi kiti kilipe."

"Kilipe nini?"

"Nauli. Kinakaa, si kinakaa? Kinalipa."

"Na mtoto?"

"Mtoto hatozwi, ami. Sie sio makatili."

Nikalipa. Mwanangu kaenda bure, kiti kimelipa nauli ya mtu mzima. Nikakiweka kwenye benchi baina ya mama watoto na bibi mmoja mwenye pakacha la muhogo. Nikakumbuka darsa: kitazame nyuma. Sasa hebu niambieni nyinyi wenye elimu, kwenye gari ya mabenchi ya pembeni, nyuma ni wapi? Aliyekaa kushoto anatazama kulia, wa kulia anatazama kushoto, anayetazama mbele ni dereva peke yake na hata yeye kwa nasibu. Nikakizungusha kiti kikae mshazari, mgongo wake ukamwingia bibi ubavuni, na mtoto akawa anatazama mlangoni, uso kwa uso na utingo anayening'inia. Wakatazamana hivyo wawili hao. Mtoto hakupepesa. Utingo ndiye aliyegeuza macho.

"Mbona umempandisha kinyumenyume?" bibi akauliza. "Atajuaje anakokwenda?"

"Ndivyo inavyotakiwa, bibi. Kichwa chake kizito, shingo bado laini. Gari ikifunga breki ghafla, mgongo wa kiti unakidaka kichwa na shingo na mgongo vyote pamoja. Angetazama mbele, kichwa kingerushwa peke yake."

"Subhanallah," akasema bibi, akajishika shingo yake mwenyewe.

Nikapata nguvu. Nikainama kutafuta mkanda. Napapasa chini ya benchi, abiria wananyanyua miguu, mmoja ananimulikia kwa simu.

"Umeangusha pesa, mwanangu?" akauliza mzee wa kikoi upande wa pili.

"Natafuta mkanda, mzee."

"Ulikuja nao?"

"Hapana, mkanda wa gari."

"Gari ipi?"

Dereva akageuza shingo kwenye kile kidirisha chake. "Mkanda uko mmoja tu humu, wa kwangu, na umekatika tangu mwenye gari yu hai."

Utingo, kwa wema wake, akatoa kamba ya usumba chini ya benchi. Ilikuwa imefungiwa mbuzi, na mbuzi mwenyewe hakuwa ameondoka zamani, harufu yake bado imo. "Hii haikatiki, ami." Mzee wa kikoi naye keshavaa miwani, anasoma maandishi kwenye ubavu wa kiti. Lugha zimejaa tele, Kiswahili hamna, ila pana picha: mtoto kwenye kiti, mbele yake kitu kimevimba kama puto, na juu yake mstari mwekundu.

"Imeandikwa," mzee akatangaza, "mtoto asipewe puto."

Watu wakaitikia vichwa. Ni kweli, mtoto anaweza kulimeza.

Nikaeleza kwamba ule ni mfuko wa hewa, unaofumka mbele ya abiria wa mbele gari ikigonga, na kiti cha kutazama nyuma kikiwekwa pale ule mfuko unakipiga na kumuumiza mtoto. Wakanisikiliza vizuri sana. Nilijiona mhadhiri. Mzee akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Kwa hivyo gari hii ikigonga, mwanao anasalimika."

"Ndiyo madhumuni yake, mzee."

"Na sie?"

Kuna masuala mtu hayatayarishi jawabu. Nilimtazama mzee, nikamtazama bibi, nikautazama muhogo. Watu 20 na zaidi wamekaa wananitazama, na baina yetu kile kiti cha Ulaya na magurudumu yake manne.

"Wakubwa hawawatengenezei?" bibi akauliza, polepole, kama anayeulizia bei.

Gari ikaondoka. Kona ya kwanza tu kiti kikateleza, nikakidaka kwa mkono. Kona ya pili nikakidaka kwa goti. Dereva ana haraka, nyuma yake ipo nyengine inamfukuza abiria wa mbele, na mie nimepiga magoti katikati ya gari na kanzu nyeupe, kamba ya mbuzi mkononi, nahangaika kutia fundo. Hapo ndipo heshima yote ilipoteremka.

"Mkanda mmoja!" nikapiga kelele. "Siombi lifti! Siombi njia ya miguu! Umri wangu huu wote napanda gari, naning'inia kwa mkono mmoja, mwanangu wa kwanza kasafiri kifuani kwangu kila siku na kila siku nasema Mungu ni mwingi wa rehema, na ni mwingi wa rehema kweli, lakini mkanda mmoja wa kumfungia mtoto wa miezi saba ni shilingi ngapi? Wewe dereva, punguza mwendo!"

Kimya. Mtoto akaanza kulia. Sabri mkubwa, umri wake miaka minne, akauliza kama sasa anaweza kukaa yeye kwenye kiti.

Dereva alipunguza. Nasema kweli, alipunguza, mpaka Mtambile.

Bibi akasukuma buibui lake nyuma, akanyoosha mikono. "Lete." Hata sikumjibu, mama watoto keshafungua mikanda. Bibi akamtia mtoto kifuani, akamfunga kwa ukaya wake mara mbili, akampiga mgongoni pu-pu-pu, na mtoto kalala hata hatujafika mti wa pili. Pakacha la muhogo likawa linamsumbua miguuni, utingo akaliinua, akaliweka pale kilipokuwa kiti. Kiti mie nikakipakata. Kwa hivyo tulikwenda Chake hivi: mtoto wangu kapakatwa na bibi nisiyemjua, kiti kimepakatwa na mie, na muhogo umekaa raha mstarehe kwenye nafasi niliyoilipia nauli ya mtu mzima.

Na bibi alipofika pa kushuka hakushuka. Kasema mtoto ataamka. Kapitiliza mpaka Chake, na huko tukagundua anakwenda harusi hiyohiyo, upande wa bwana harusi. Mpaka leo anampigia simu mama watoto kuulizia mjukuu wake. Kiti hakukiulizia hata mara moja.

Harusini walikitumia kubebea kreti za soda, toka barabarani mpaka uani. Breki zake, wakanambia, nzuri sana.

Sasa huyu shemeji. Nimekioshea hapa chini kwa mfereji, watoto wa mtaa wamenizunguka, mmoja ananiuliza naosha piki piki ya nani. Nimetoa maganda ya vitunguu kwenye kila mfinyo. Nimekisugua, nimekianika juani. Mtoto nimemshusha kwa kilo nane zake, nimemweka, nimefunga mikanda, sweta nimelivua na mama mkwe yuko dirishani ghorofa ya nne ananitazama kama mwizi. Nikampiga picha. Mtoto kakunja uso. Nikampiga nyengine, kanuna zaidi. Ya tatu paka kaingia. Nikatuma hiyohiyo ya paka.

Jawabu likaja papo hapo. Mie nangoja ahsante. "Mbona mikanda imelegea?"

Nikaivuta. Nikaifinya kwa vidole viwili. Ni kweli, imelegea, kidogo tu, lakini imelegea. Nikachuchumaa pale chini nakaza mikanda ya kiti kisichokwenda pahala, nje ya jumba lisilo lifti, na mwanangu ananitazama kwa yale macho aliyomtazamia utingo. Nimekaza, nimefinya, haifinyiki, nimeridhika, nataka kupiga ya nne, mama Sabri kapiga ukelele toka juu: Tukuza ya umeme imekata, yuni hamna hata moja, friji limezima na samaki amo ndani, na simu yake haina pesa, ninunue mie. Nami simu yangu imebakiwa na asilimia mbili za chaji, zote nimezimaliza kwa picha.