Milima tunayo, tukodishe baiskeli za umeme

Kila kiangazi Watanzania tunaoishi Ulaya tunakwenda na wenza wetu kwenye milima ya Alps kuendesha baiskeli za umeme, na tukirudi tunasifia mandhari. Mandhari kwetu yapo. Kutoka Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, unapanda karibu mita 1,000 kwa kilomita 33 hivi, lami, kona juu ya kona, na Soni ipo njiani kwa mapumziko. Tunachozidiwa ni utaratibu wa ukodishaji, na huo naamini tunaweza kuuweka wenyewe.

Chukua bonde la Vinschgau, kaskazini mwa Italia. Merano iko mita 300 na ushee juu ya usawa wa bahari, na njia ya baiskeli inapanda hadi Reschen, mita 1,500, penye ziwa ambalo ndani yake umebaki mnara wa kanisa la kijiji kilichozamishwa mwaka 1950. Kati ya Merano na Malles kuna reli iliyofunguliwa tena mwaka 2005, na treni inabeba baiskeli pale nafasi inaporuhusu. Anayeogopa mlima anapanda treni, kisha anashuka kwa baiskeli. Kukodi ya umeme mara nyingi ni yuro 40 hadi 60 kwa siku.

Kwa watu wawili, jambo la kuuliza kwanza ni betri. Mtu wa kilo 75, baiskeli ya kilo 24 na begi dogo: kuupandisha uzito huo mita 1,000 kunataka karibu wati-saa 285, kabla hujahesabu nguvu inayopotea kwenye mota, upepo na kokoto. Miguu nayo inachangia. Ndiyo maana betri ya wati-saa 500, kwa msaada wa kati, hufikisha mita 1,000 hadi 1,200 za kupanda. Ukiiweka Turbo, yaani msaada wa juu kabisa wa mota, tangu bondeni, inaweza kukata ukiwa umepanda mita 700 tu, na hapo unasukuma chuma. Mwenye kilo 90 anamaliza betri mapema kuliko mwenye kilo 60 hata wakienda sambamba, kwa hiyo mzito apewe ile ya 625 au 750. Chagueni baiskeli za mfumo mmoja ili chaja moja iwatoshe. Na kama mmoja wenu ana mazoezi, achukue ya kawaida, mwenzake achukue ya umeme. Hapo mtaongozana vizuri kuliko wote wawili mkiwa na mota.

Kabla ya kusaini, bana breki zote mbili: mkono wa breki usifike kwenye usukani. Chungulia pedi, kama nyama iliyobaki haifiki milimita 1, zikatae. Dai ufunguo wa betri, maana usiku inapaswa kulala ndani, si kwenye baridi. Piga picha kila mkwaruzo, la sivyo utakatwa kwenye amana. Mkishaondoka, legeza mguu kabla ya kubadili gia, kwa sababu mota inavuta cheni pamoja na wewe, na cheni nyingi za kukodi hukatika hapo hapo. Kwenye mteremko usishike breki mfululizo. Pedi zikichemka sana uso wake unang'aa kama kioo, zinapiga kelele na hazishiki tena. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, ziache zipoe.

Sasa Lushoto. Umeme si kikwazo: kujaza betri ya 500 hakumalizi hata uniti moja ya LUKU, na chaja za Ulaya zinafanya kazi kwa volti 230 zetu, unabadilisha plagi tu. Kukatika kwa umeme kunatibiwa na betri za akiba zilizojazwa tangu jana. Kikwazo halisi ni kuzifikisha. Ndege za abiria haziruhusu betri inayozidi wati-saa 160, kwa hiyo ndugu asikuahidi kukuletea kwenye begi. Ziende kwa meli, zikitangazwa kuwa mzigo hatari.

Mafundi wetu wa baiskeli nawaamini. Pancha, spoki na cheni wanazimudu kuliko vijana wengi wa maduka ya huku. Wasichokuwa nacho ni vipuri. Wapo watakaoshauri breki za waya kwa sababu ni rahisi kutengeneza, mimi nakataa. Baiskeli nzito ikishuka kutoka Lushoto, na malori yanapanda, inahitaji breki za mafuta. Mkodishaji aagize pedi na mafuta yake mapema, amfundishe fundi mmoja kutoa hewa kwenye mfumo, na aanze na baiskeli sita za aina moja ili vipuri viingiliane. Aweke na pikapu ya kuwafuata waliokwama, maana reli inapita Mombo bondeni, haipandi mlimani.