Picha ya simu si sampuli

Kuna mtindo umeingia kwa wapenda mimea wa Dar: mtu anatembea msitu wa Pugu au Pande, anapiga picha, programu ya simu inampa jina, basi kamaliza. Kwa mwembe na mkorosho sina ugomvi. Kwa mizabibu pori napinga: hiyo inataka sampuli, yaani tawi lililokatwa, likabanwa na kukaushwa.

Jamii ya mzabibu ina spishi zinazokaribia 950 duniani. Zabibu tunazoletewa kutoka Dodoma ni spishi moja tu, tena ya kigeni. Za kwetu hasa ni zile zinazotambaa vichakani na kwenye nyua, ambazo kiwanja kikisafishwa hufyekwa bila kuulizwa jina, za makundi ya Cissus, Cyphostemma, Ampelocissus, Rhoicissus. Ukiona kikono cha kujishikia kimeota upande unaotazamana na jani, umeshaikaribia jamii hiyo. Kazi inaanza hapo. Cyphostemma ilikuwa ikihesabiwa humohumo ndani ya Cissus, maana zote mbili zina petali nne. Tofauti unaitafuta kwenye mbegu, na kwenye kitumba (ua ambalo halijachanua) kilichobanwa katikati, na kitumba chenyewe ni cha milimita chache. Kwenye hebaria, yaani ghala la sampuli hizo, unachukua ua kavu, unalilainisha kwa maji ya moto, unalipasua chini ya lenzi. Hata DNA hutolewa kwenye jani lililokaushwa zamani. Picha haipasuliki.

Nakubali mimea hii ni sumbufu. Cissus quadrangularis, yenye shina nono la pembe nne, ukiibana kwenye magazeti haifi. Inaweza hata kuchipua humohumo, huku ikikatikakatika kwenye maungio. Inabidi uichovye kwanza kwenye maji yanayochemka au spiriti. (Majirani wakikuona unachemsha mizizi na kuanika majani, jiandae kuulizwa unatibu nini.) Ndiyo sababu wakusanyaji wengi huikwepa minene na kukimbilia majani mepesi.

Jambo la pili ni nakala, yaani sampuli zaidi ya moja za mmea uleule. Wajerumani walipotawala hapa walipeleka Berlin sampuli nyingi za mimea yetu, zikiwemo zile zilizotumika kuzipa spishi majina. Machi 1943 hebaria ile ikaungua kwa mabomu. Zilizopona kwa sehemu kubwa ni zile ambazo nakala zake zilikuwa kwingine. Kwa hiyo anayekusanya, kwa kibali, asikate tawi moja: nakala moja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nyingine Hebaria ya Taifa kule Arusha.

Na lebo iandikwe papo hapo porini. Rangi ya ua hupotea likikauka, tunda hubanwa likawa bapa, na karatasi haitakwambia mmea ulipanda mti wa mita kumi au ulitambaa chini. Mahali pia patajwe sawasawa. Lebo inayosema “Dar es Salaam” na kuishia hapo siku hizi haina maana, kwani Bunju imo na Chanika imo.