Kazi inayosubiri na kazi isiyosubiri

Ubishi wa nani afanye nini nyumbani, uwe kwenye Kosta ya Moshi kwenda Arusha au kwenye kikao cha kusuluhisha ndoa, huishia kwenye hesabu. Baba anataja ada, kodi ya nyumba, mchango wa ukoo na bati za nyumba ya kijijini. Mama anataja kupika, kufua, watoto, ng'ombe na wageni. Kila mmoja anafikisha kazi tano au sita, na msuluhishi anauliza, "Sasa mnagombania nini?" Hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu inahesabu kazi na kuacha saa zake.

Chukua ng'ombe mmoja wa maziwa anayefugiwa bandani, kama ilivyo kwenye vihamba vingi, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, huko Machame, Kibosho na Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ng'ombe wa kilo 400 anataka kama kilo 40 za majani mabichi kwa siku, sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na akiwa anakamuliwa anaweza kunywa lita 60 za maji. Mzigo wa kichwani ukiwa na kilo 20, hiyo ni mizigo miwili kila siku, na kiangazi majani hupatikana tambarare, yakapandishwa mlimani. Mgomba uliokatwakatwa unajaza tumbo, lakini ni maji zaidi kuliko chakula, na maziwa hupungua. Halafu kuna kukamua, alfajiri na jioni, saa zilezile. Kiwele kikichelewa, au kikiachiwa maziwa ndani, kinakaribisha ugonjwa wa kiwele, na chuchu iliyokufa kwa ugonjwa huo kwa kawaida hairudi. Kukamua kwa leo hakulipwi kesho.

Sasa tazama kazi za baba kwenye kihamba hichohicho: kupogolea mibuni, kupiga dawa, kukarabati banda, kuzibua mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia. Ni kazi nzito na hakuna anayezibeza. Ila kupogolea kunaweza kuanza Jumatatu au Alhamisi. Jirani akifiwa, baba anakwenda msibani na kurudi akute mibuni inamsubiri. Mama naye anakwenda msibani, ila amekwisha kuamka saa 10 alfajiri ili ng'ombe awe amekamuliwa. Ni msimu wa kahawa tu unaowabana wote kwa saa: iliyochumwa leo sharti imenywe ganda leo, vinginevyo inachacha ndani ya ganda na ladha inaharibika. Wanaume wa mlimani wanaijua vizuri kazi isiyosubiri. Wanaijua kwa miezi michache ya mwaka.

Upande wa baba una haki yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtwisha mume wajibu wa kumtunza mke na watoto. Mke anabanwa na wajibu wa kumtunza mume pale tu mume anapokuwa hajiwezi na yeye mke ana uwezo. Ada ikikosekana anayeulizwa ni baba, na mzigo huo unamkosesha usingizi hata siku ambayo hakushika jembe. Tena mgawanyo wa zamani wa Uchagani ulikuwa na akili ndani yake: kahawa ya baba, ndizi na maziwa ya mama, kila upande na mfuko wake. Hela ya maziwa haikudaiwa hesabu. Wanaotetea "kila mtu na eneo lake" wanatetea pia sauti ambayo mama alikuwa nayo kwenye eneo hilo, na mara nyingi hawasikilizwi vizuri.

Lakini mpango huo ulisimama juu ya kahawa. Chama cha wakulima wa Kilimanjaro kilianza mwaka 1925, chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikafuata mwaka 1933, na kwa miaka mingi kahawa ndiyo iliyosomesha watoto. Bei zilipoanguka, mibuni ikazeeka, vihamba vikagawiwa watoto wa kiume hadi vikawa vipande, ada ikahamia kwenye ndizi, maziwa na meza ya mama sokoni Moshi, pale Mbuyuni au Kiboroloni. Hela ikahama, kazi zikabaki zilipokuwa. Mama anayeshusha mikungu sokoni saa 12 asubuhi ndiye huyohuyo anayetakiwa bandani saa 12 jioni. Akimwomba mumewe akamue, anaambiwa anataka kumtawala. Anaeleweka vibaya mno: anachoomba ni muda wa saa moja tu, jioni.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Ni hukumu kubwa, ila inahusu ndoa iliyokwisha kuvunjika. Haimwambii mtu yeyote aamke alfajiri.

Mjini Arusha wengi hudhani dada wa kazi amemaliza tatizo. Kazi imehamia kwa mwanamke mwingine, basi. Kumpangia, kumsimamia, na kutafuta mwingine baada ya huyu kwenda kwao Desemba asirudi, hayo yamebaki kwa mama.

Kinachofaa kugawanywa kwanza, basi, ni zile kazi zisizosubiri, na baba achukue japo moja, nzima. Neno "kusaidia" linaharibu hapa, kwa sababu anayesaidia huja akijisikia. Kukamua jioni ni kuosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, kukausha kwa kitambaa safi, kukamua hadi mwisho, kuchuja, kuosha ndoo, kufikisha maziwa yanapokusanywa, na kujua bila kukumbushwa kwamba pumba zimeisha. Akikamua Jumatatu na kuruka Jumanne, ng'ombe hamzoei, na ng'ombe asiyemzoea mkamuaji hubana maziwa. Dereva wa Hiace anayetoka saa 10 alfajiri na kurudi saa 3 usiku hawezi uji wa asubuhi, ila Jumapili anaweza kuchukua maharage ya wiki: kilo 2, kuyaloweka Jumamosi usiku, kuyachemsha hadi yaive, kuyagawa mafungu na kuyaweka kwenye friji. Jioni tano za mkewe zinapungua saa nzima kila moja.

Wapo wanaume wanaotamani kufanya hivyo na wanaogopa kuambiwa wamelishwa limbwata. Wapo pia wanawake wanaorudia kuosha sufuria aliyoiosha mume, mbele yake, na wiki inayofuata haoshi tena. Sufuria yenye alama ya masizi inaweza kuachwa ilivyo.

Mila yenyewe inajua mama anaweza kuondolewa kazi. Mama wa Kichaga aliyejifungua hukaa ndani kama miezi mitatu akiletewa mtori na kitawa, na mama mkwe ndiye anayeshika jiko. Leo wanandoa wamepanga Arusha, Sakina au Kwa Mrombo, mama mkwe yuko Rombo na magoti hayamruhusu kukaa wiki zote hizo. Akishaondoka, mtoto mkubwa anataka uji saa 12 asubuhi, nepi ziko kwenye beseni, maji ya kumwogesha mchanga yako jikoni, na mtu mzima mwenye nguvu aliyebaki humo ndani ni baba.