Wanaorudi kundini na sisi tuliokaa

Vijana wengi wa sharika zetu za KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, hawataki hata kusikia habari ya kurudi kundini, yaani aliyetengwa kutubu mbele ya usharika na kupokelewa tena. Kwao ni udhalilishaji mtupu: binti anapata mimba kabla ya ndoa, anatengwa, anakaa miezi bila kuikaribia Meza ya Bwana, kisha Jumapili moja anasimamishwa mbele ya watu wanaomjua tangu shule ya Jumapili. Mchungaji anauliza, yeye anajibu kwa sauti isiyofika benchi la tatu. Aliyekulia usharika wa kijijini ameyaona. Mimi niliyaona nikiwa kwaya, na nakiri kwamba badala ya kuomba nilikuwa nahesabu waliosimama.

Hoja yao haina jibu jepesi. Mimba huonekana, aliyeitia haonekani. Siku ile ya kwaya tulijua wote kwamba aliyempa mimba binti mmoja wa waliosimama alikuwa nyuma yangu, safu ya besi, kitabu cha nyimbo mkononi. Mzee anayemdhulumu mjane shamba hajasimamishwa bado. Darasa la kipaimara tulikariri amri zote kumi, lakini ukifika kwenye kutenga watu utadhani ya sita, usizini, ndiyo pekee iliyosalia, ya saba, usiibe, waliifuta. Mathayo 18 nayo inaanza na wewe na ndugu yako peke yenu, halafu mashahidi wawili au watatu, ndipo kanisa. Kwetu habari huanzia bombani, kwenye foleni ya ndoo.

Wanaotaka utaratibu huu ufutwe kabisa, hata hivyo, sijawasikia wakisema utawekwa nini mahali pake. Maana sharika za mjini ulikofifia nazijua. Hakuna anayetengwa, na hakuna anayesamehewa. Binti anaacha kuja mazoezi ya kwaya, hakuna tangazo, hakuna ziara ya mwinjilisti. Akirudi, anarudi kimya. Miaka kumi baadaye jina lake linapendekezwa kamati ya wanawake, mtu anakohoa kidogo, jina linarukwa. Ukiuliza kulikoni, hakuna aliyesema kitu.

Kurudi kundini kulikuwa na tarehe. Hilo ndilo linalonisumbua, na sioni likitajwa. Jumapili ile, baada ya baraka, tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka za mazao kama kawaida. Mama mmoja aliyesifika kwa ulimi mkali alishindania mkungu wa ndizi mpaka akaupata, akautua miguuni pa yule binti. "Kale uji, una mtoto wa kunyonyesha." Basi. Miaka ikapita, kwenye kikao cha harusi ya dada huyo bwana mmoja akaanza, "Lakini huyu si ndiye..." Mzee aliyekuwa akiandika michango hakuinua hata kichwa: "Hilo lilikwisha kanisani." Likaisha kweli.

Kanisa la kale lilikuwa kali kuliko sisi. Mtaguso wa Nikea wa 325, katika kanuni yake ya 11, uliwapangia walioikana imani bila kulazimishwa miaka 12 ya toba: 3 ya kusikiliza tu, 7 ya kusujudu, 2 ya kuomba pamoja na wengine bila kushiriki. Ni mingi mno, sibishi. Lakini ilihesabika, na wa kumi na mbili ulipokwisha mtu alijua amefika.

Paulo mwenyewe hakungoja hivyo. Katika 2 Wakorintho 2 anasema adhabu aliyopewa na usharika mtu aliyekosa inamtosha, sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Amri hiyo hampi mkosaji. Anawapa waliokaa. Na Wagalatia 6:1, panaposema mrejezeni aliyeghafilika, Kigiriki chake ni kitenzi kile kile cha Marko 1:19, wana wa Zebedayo wakitengeneza nyavu chomboni. Wavu hautengenezwi kwa kuutundika watu wautazame tundu.

Kwa hiyo kama kuna la kurekebisha, ningeanzia kwenye mabenchi. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaingia Bukoba kupitia Uganda, ulikuwa na makosa yake, hasa kiburi cha waliojiona wameokoka kuliko wenzao. Ila kwenye ushirika wa Walokole, ndio watu wa uamsho huo, aliungama mchungaji, akaungama mpishi wake, ya fedha na ya chuki pia. Aliyesimama hakuwa peke yake.

Yule wa besi hakuwahi kusimama. Siku hizi ni mzee wa kanisa, mtu mwema kwa yote ninayoyajua, na binti yule ni mjumbe wa kamati. Kila mzee huyo anapopita na kikapu cha sadaka, kuna wawili watatu wa rika letu wanaogusana viwiko.